Majitaka ya kiwanda: nani huyapima, na huyapima lini?

Msomaji, tuseme wewe ni mkazi wa Mumias, au una wazazi wanaoishi Matungu karibu na mto Nzoia. Jumapili moja asubuhi unateremka mtoni na kukuta maji yamegeuka rangi ya molasi. Kingoni kuna povu, na harufu ni ya kitu kilichochacha. Samaki wachache wanaelea matumbo juu. Kina mama wanarudi na mitungi mitupu, na watoto wameonywa wasioge. Unapiga simu. Afisa anafika Jumanne mchana wakati rangi imeshapotea na povu halipo tena. Anachota chupa moja ya maji, anaandika kwenye karatasi, anakwenda zake. Wiki kadhaa baadaye jibu linakuja: maji yako sawa.

Je, afisa huyo amekudanganya? Huenda hajakudanganya hata kidogo. Amepima maji ya Jumanne, ilhali wewe ulikuwa unauliza habari za maji ya Jumapili.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini pengo lililomo ndani yake ni la kweli, na ndilo tutakalolieleza leo. Watu wengi mjini hudhani kwamba serikali ina macho yanayotazama mabomba ya viwanda mchana na usiku. Wengine hudhani haina macho kabisa, kwamba kila kitu ni hongo. Ukweli hauko kwenye dhana yoyote kati ya hizi mbili. Usipoujua utalalamika mahali pasipofaa, kwa maneno yasiyomsaidia mtu, huku familia yako ikiendelea kunywa maji yale yale.

SUKARI NDANI YA MTO

Kakamega ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na kule Malava kuna West Kenya na Butali. Juu zaidi kwenye mto huo huo wa Nzoia, pale Webuye, kilisimama kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilichofunga milango mwaka 2009. Wakubwa kwa wadogo waliopita njia ile wanaikumbuka harufu yake. Maelezo yanayofuata hayakilengi kiwanda chochote kwa jina. Ni mambo ya kawaida katika kazi ya kutengeneza sukari popote duniani.

Jambo la kwanza linalowashangaza watu ni kwamba sehemu kubwa ya majitaka ya kiwanda cha sukari si sumu kwa maana tuliyoizoea. Ni maji yaliyoosha sakafu na mitambo yakabeba sukari, makapi ya miwa, grisi ya mashine na udongo uliokuja na miwa kutoka shambani. Nyakati za kusafisha mitambo huongezeka dawa kali kama kostiki soda, nayo huweza kuchoma ngozi. Lakini mharibifu mkuu ni ile sukari yenyewe.

Vipi sukari iue samaki? Vijidudu vilivyomo mtoni huishangilia kama nzi wanavyoshangilia embe lililoiva. Huila na kuzaana kwa kasi, na wakati wote huo huvuta oksijeni iliyomo majini. Lita moja ya maji ya mto yenye joto kama la huku kwetu hubeba takriban miligramu 7 au 8 tu za oksijeni. Ndiyo sababu wapimaji huuliza swali hili: lita moja ya majitaka haya itahitaji oksijeni kiasi gani ili vijidudu vimalize kula taka iliyomo? Maji huwekwa kwenye chupa iliyofungwa, kwenye joto la nyuzi 20, kwa siku 5, kisha huangaliwa oksijeni iliyopotea. Jibu lake ndilo linaloitwa BOD, herufi tatu utakazokutana nazo katika kila ripoti ya majitaka.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha BOD ya miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira. Sasa chukua majitaka ambayo hayajasafishwa, tuseme yenye BOD ya 1,500, kiasi kisicho cha ajabu kwa kiwanda cha sukari. Piga hesabu mwenyewe: lita moja ya majitaka hayo ina uwezo wa kumaliza oksijeni yote ya lita 200 za maji ya mto. Majitaka yanayobaki baada ya kutengeneza pombe kali kutokana na molasi ni balaa zaidi, kwani BOD yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Hapo samaki aina ya ningu, wanaopanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, hawana nafasi. Kambare anaweza kubaki kwa sababu ana uwezo wa kuja juu na kuvuta hewa. Kwa hiyo ukimwona mtu amevua kambare mnene chini ya bomba la kiwanda, usifanye haraka kusema mto ni mzima.

Afya yako inaingia wapi hapa? Inaingia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Mitambo ya kusafisha maji ya mjini hutumia klorini kuua vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Klorini haichagui. Ikikutana na uchafu mwingi wa aina ya mimea na sukari hutumika kwanza kwenye uchafu huo, na inayobaki ya kuua vimelea huwa haba. Maji yanaweza kutoka kwenye mfereji wako yakiwa meupe kabisa na bado yasiwe salama. Na aliye kijijini, ambaye mfereji wake ni mto wenyewe, hana hata hiyo klorini haba. Akiona maji yameharibika huenda kuchota kwenye kidimbwi au kisima kisichofunikwa, na huko anakutana na ugonjwa mwingine.

Tena kuna mambo ambayo kuchemsha maji hakusaidii. Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi kostiki soda, wala risasi ya betri, wala zebaki. Ukichemsha maji yenye risasi yakapungua sufuriani, risasi yote inabaki katika maji yaliyosalia.

JICHO LA KWANZA NI LA KIWANDA CHENYEWE

Kabla ya mwaka 2000 sheria za kulinda mazingira nchini Kenya zilikuwa zimetawanyika. Kulikuwa na kipande katika Sheria ya Maji, kingine katika Sheria ya Afya ya Umma na kingine katika Sheria ya Viwanda, na kila wizara ilishika chake. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999 ikaanza kutumika Januari 2000. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, iitwayo kwa kifupi NEMA, iliyoanza kazi Julai 2002.

Chini ya sheria hii, kiwanda kipya hakijengwi kabla ya ripoti ya tathmini ya athari zake kwa mazingira kutolewa na wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Kikianza kazi kinahitaji leseni ya kumwaga majitaka, nayo huombwa upya kila mwaka. Kila mwaka pia kinatakiwa kuwasilisha ukaguzi wa mazingira. Zaidi ya hayo, kanuni za mwaka 2006 zilikitaka kiwanda kipime majitaka yake na kupeleka kumbukumbu za vipimo hivyo kwa NEMA kila robo mwaka.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Anayepima ni nani? Ni kiwanda. Naye mtaalamu anayeandika ripoti ya ukaguzi wa mwaka, ingawa ni lazima awe amesajiliwa na kupewa leseni na NEMA, ujira wake hulipwa na kiwanda.

Usikimbilie kusema huu ni ujinga wa Kenya. Karibu nchi zote hufanya hivi. Marekani, tangu sheria yao ya maji ya mwaka 1972, viwanda hujipima na kujiripoti, na mwenye kuandika uongo hushtakiwa kwa uongo huo, hata kama uchafu wenyewe haukuonekana. Hakuna serikali yenye watu wa kutosha kusimama kwenye kila bomba. Hoja ya sheria ni kwamba mwenye kiwanda anajua zaidi kinachoendelea ndani ya ua wake, basi na abebe mzigo wa kuthibitisha. Lakini mpango huu hufaa pale tu ambapo kuna mtu mwingine wa kuhakikisha, na pale ambapo mwongo anaogopa kugunduliwa.

Wapo pia wahakikishaji wengine nje ya NEMA. Mamlaka ya Rasilimali za Maji inaangalia mto wenyewe, na ofisi yake ya bonde la Ziwa Victoria Kaskazini iko hapa hapa Kakamega. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine kwa umma. Afisa wa afya ya umma naye ana mamlaka yake ya zamani, kutoka Sheria ya Afya ya Umma, ya kumtaka mtu aondoe kero inayohatarisha afya. Wingi huu wa ofisi una faida na hasara. Faida ni kwamba ukigonga mlango mmoja ukakuta umefungwa, upo mwingine. Hasara unaijua mwenyewe kama umewahi kutumwa kutoka dirisha moja hadi jingine na kurudishwa lile la kwanza.

MKAGUZI AKIFIKA LANGONI

Mkaguzi wa mazingira aliyeteuliwa kisheria si mgeni wa kuombewa ruhusa. Sheria inamruhusu kuingia kiwandani saa zinazofaa bila hati ya mahakama. Anaweza kuchota sampuli, kukagua na kunakili vitabu na kupiga picha. Anaweza kutoa ilani ya kurekebisha, yaani kumwambia mwenye kiwanda aache jambo linaloharibu na achukue hatua za kulitengeneza. Kwa idhini ya mkubwa wake anaweza kuamuru mtambo ufungwe mara moja.

Watu huuliza mbona hawafungi tu. Jibu moja ni la kibinadamu. Huku kwetu kiwanda cha sukari kikifungwa, wa kwanza kulia ni mkulima aliyekata miwa jana, kwa kuwa miwa iliyokatwa haingoji. Walioshuhudia Webuye ilivyopoa baada ya mwaka 2009, au Mumias baada ya kampuni yake kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, hawahitaji kuelezwa. Kwa sababu hiyo ilani ya kurekebisha yenye tarehe ya mwisho iliyo wazi mara nyingi ina manufaa kuliko kufuli. Ubaya huja ilani inapofuatwa na ilani, na tarehe ya mwisho inaposogezwa mwaka baada ya mwaka.

Mkaguzi hodari hachoti maji chini ya bomba peke yake. Huchota juu ya kiwanda, huchota kwenye bomba, kisha huchota chini. Bila ile sampuli ya juu, kiwanda kitasema, na pengine kwa haki, kwamba uchafu ulikuja na mto kutoka kwenye vichinjio, gereji na vyoo vya miji iliyotangulia. Joto na ukali wa maji hupima pale pale. Chupa za kupelekwa maabara huandikwa mahali, tarehe na saa, hufungwa, hutiwa sahihi na huwekwa kwenye barafu, kwa maana vijidudu havisubiri gari lifike. Sampuli iliyokaa siku tatu nyuma ya pikapu juani haina ushahidi tena, na wakili wa kiwanda anajua hivyo.

Kisha mkaguzi hodari huacha mto na kwenda ofisini. Nikiruhusiwa kusema la moyoni, hapa ndipo kazi ya kweli ilipo, ingawa haipendezi kwenye picha za magazetini. Mabwawa mengi ya kusafishia majitaka huwa na mashine za kuingiza hewa, na mashine hizo hula umeme. Kama kitabu kinasema zilifanya kazi mwezi mzima, bili ya umeme au mita ya mtambo inasemaje? Tope la chini ya bwawa huondolewa kila baada ya muda. Liliondolewa lini, na gari gani, likamwagwa wapi? Tani kadhaa za miwa hutoa kiasi fulani cha majitaka. Iwapo miwa iliyosagwa iliongezeka maradufu na majitaka yaliyoripotiwa hayakuongezeka hata kidogo, yalikwenda wapi? Ni rahisi kusafisha bomba kwa siku moja ya wageni. Kuzipatanisha karatasi za mwaka mzima si rahisi hivyo.

SAA AMBAZO HAZIONEKANI

Turudi kwa maji yetu ya Jumapili. Sampuli moja ni picha moja. Inaonyesha dakika ile chupa ilipozamishwa. Kiwanda kinachotaka kukwepa hakihitaji elimu kubwa: ni kufungua bwawa usiku, au mwisho wa wiki, au mvua kubwa inaponyesha na mto wote kuwa wa kahawia. Na si lazima iwe hila. Kingo ya bwawa inaweza kupasuka, pampu inaweza kuharibika saa nane za usiku, na msimamizi wa zamu akaamua kunyamaza.

Ulimwengu mzima uliona somo hili mwaka 2015, pale Marekani ilipotangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu ya kutambua yanapopimwa. Ndani ya maabara gari lilitoa moshi safi, barabarani likatoa mchafu. Kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba mpimwaji alijua saa ya kupimwa.

Kuna njia tatu za kuzipata saa hizo zinazopotea, na hazilingani kwa gharama. Ya kwanza ni kuchota kidogo kidogo kwa saa 24 na kuchanganya, ili sampuli iwe ya siku nzima. Ya pili ni vyombo vinavyokaa kwenye bomba na kutuma vipimo bila kupumzika. India mwaka 2014 iliagiza aina 17 za viwanda vyenye uchafuzi mkubwa vifunge vyombo hivyo, na ndani ya orodha hiyo vimo viwanda vya sukari, vya pombe kali na vya karatasi. Navyo huweza kuchezewa, ila angalau anayechezea huacha alama.

Njia ya tatu haihitaji umeme. Geuza jiwe mtoni. Chini ya mawe ya mto wenye afya huishi watoto wa wadudu wanaohitaji oksijeni nyingi, wengine wenye mikia miwili au mitatu myembamba kama uzi. Hukaa pale kwa wiki na miezi kabla ya kuota mabawa. Majitaka makali yakipita usiku mmoja wadudu hao hufa, na hawarudi kesho yake hata kama maji yamerudi kuwa meupe. Wanaobaki ni minyoo myekundu na wenzao wanaovumilia matope. Ukikuta wenye mikia juu ya kiwanda na minyoo mitupu chini yake, mto umekusimulia habari za mwezi mzima, Jumapili ikiwamo. Wataalamu hutumia njia hii, na Afrika Kusini wameirahisisha kwa mpango uitwao miniSASS ambao hata mwanafunzi wa shule anaumudu. Vaa gambuti ukienda, na nawa mikono kwa sabuni ukirudi.

Indonesia walijaribu jambo jingine lililonifurahisha nilipolisoma. Mwaka 1995 walianza kuvipa viwanda rangi: dhahabu, kijani, samawati, nyekundu na nyeusi. Mwezi wa Juni wa mwaka huo walitangaza hadharani majina ya waliofanya vizuri tu, wakawapa waliosalia hadi Desemba kujirekebisha kabla ya kuanikwa. Hawakumtoza mtu faini kwa kupewa rangi. Ilitosha kwamba jirani, mfanyakazi na mwenye benki wangesoma.

Kuna kazi moja hapa Kakamega ambayo hakuna rangi wala leseni inayoifikia kwa urahisi, nayo ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, kuanzia Rosterman hadi Ikolomani. Dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa ili iondoke. Moshi wake hauna rangi ya kutisha, lakini huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Mkaguzi hana lango la kugonga pale. Hayo yanastahili makala yake peke yake.

MKAGUZI NAYE ANAPOKAGULIWA

Kama unadhani mambo haya ni ya vitabuni, sikiliza habari za Owino Uhuru, mtaa ulioko Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ukutani mwa mtaa huo. Risasi iliingia kwenye udongo, maji na hewa, kisha kwenye damu ya wafanyakazi na watoto. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwani hupunguza akili yake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Malalamiko yaliendelea kwa miaka, na kiwanda kikasimama kabisa mwaka 2014.

Wakazi, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, hawakuwashtaki wenye kiwanda peke yao. Waliwashtaki pia waliopaswa kuwasimamia, NEMA wakiwamo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ilitengua malipo hayo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarejesha. Kwa maneno mengine, msimamizi anayeona na asichukue hatua anaweza kubeba sehemu ya deni.

Karibu zaidi na sisi, mambo yalikwenda kombo kwa upande wa wakazi. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira mjini Kisumu ilifuta leseni za mazingira za viwanda vya Kibos. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo, ikisema malalamiko kama yale yalipaswa kuanzia kwenye vyombo vilivyowekwa na sheria ya mazingira kabla ya kufika mahakamani. Desemba 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu iliufungua mlango zaidi kwa wanaodai haki ya kikatiba ya mazingira safi. Hata hivyo, ukitaka kupinga leseni ya kiwanda, muulize mwanasheria kwanza, kwani Baraza la Kitaifa la Mazingira hutoa siku 60 za kukata rufaa, na siku hizo hazingojei mtu.

JUMAPILI IKIFIKA TENA

Usichote maji kwa chupa ya soda. Sukari iliyobaki ndani yake peke yake yaweza kupandisha BOD, na ushahidi wako utachekwa. Chukua chupa ya maji ya kunywa, isuuze mara tatu kwa maji ya mto ule ule, ijaze pomoni bila nafasi ya hewa, ifunge na uiweke kwenye barafu. Huenda mahakama isiikubali, lakini itamfanya afisa aone kwamba kulikuwa na kitu cha kufuata. Andika saa uliyoona, mahali hasa, rangi, harufu, upande mto unakotoka, na kama mvua ilinyesha. Piga picha inayoonyesha kitu kisichohama, daraja au mti mkubwa. Kama mtu amewashwa na ngozi au ameharisha apelekwe kituo cha afya, naye aeleze kwamba alitumia maji hayo, ili iandikwe kwenye kadi yake.

Piga simu siku hiyo hiyo, na ukishapiga simu andika barua. Barua ipeleke kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, na nakala kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu iko Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Katiba, kifungu cha 70, haikutaki uthibitishe kwamba wewe binafsi umeumia ndipo uende mahakamani.

Ndani ya barua hiyo usiandike tu kwamba kiwanda kinachafua mto. Omba karatasi. Omba ripoti ya vipimo vya majitaka ya robo mwaka ambamo Jumapili hiyo imo, leseni ya kumwaga majitaka ya mwaka huo pamoja na masharti yake, na ilani zozote za kurekebisha zilizotolewa na tarehe zake za mwisho. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 endapo habari inahusu uhai wa mtu. Ukikataliwa unazo siku 30 za kupeleka ombi lako kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Zikija karatasi, tafuta kwanza safu ya tarehe, uangalie sampuli za robo hiyo zilichotwa siku gani za wiki, na saa ngapi.